Dhahabu Yetu, Sheria na Bei

Mwezi Juni mwaka huu watoto wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi walitembelea jengo la Bunge la jimbo pale Saint Paul. Wengi wenu mnalijua. Chini ya kuba lake, juu ya lango kuu, wamesimama farasi wanne wa shaba waliopakwa dhahabu, na wako pale tangu mwaka 1906. Wanetu walipandishwa ngazi mpaka walipo farasi hao, wakaona jinsi wanavyong'aa juani.

Mmoja wao, mwenye miaka tisa, akauliza, "Hii dhahabu imetoka Tanzania?" Tukamwambia haielekei. Akafikiri kidogo, akarudi na swali jingine: "Kama Tanzania kuna dhahabu nyingi, mbona bibi hakuchukua ya kwake?"

Tulicheka, lakini hakuna mtu mzima kati yetu aliyeweza kumjibu vizuri. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Mmoja alikumbuka Geita, mwingine makinikia, mwingine bangili za mama yake zilizofichwa ndani ya godoro. Katika jarida hili la kuadhimisha miaka 63 ya Uhuru tumeona tuviunganishe vipande hivyo, ili mtoto yule apate jibu, na sisi wenyewe tujikumbushe.

Jibu fupi liko kwenye sheria. Madini yote yaliyo chini ya ardhi ya Tanzania ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Bibi akikuta dhahabu chini ya mihogo yake, shamba linabaki lake, lakini dhahabu hawezi kuichimba bila leseni. Akishaichimba, lazima aiuze mahali panaporuhusiwa na mrabaha ulipwe. Akitaka kuisafirisha nje ya nchi, lazima awe na kibali.

Jibu refu ni historia. Kila utawala uliopita kwetu umetaka kuweka mkono juu ya dhahabu. Wakati mwingine dhahabu iliingia mkononi, wakati mwingine ilipenya katikati ya vidole. Ukifuatilia ni lini iliingia na ni lini ilipenya, utaona kwamba ukali wa sheria haukutosha peke yake. Mara nyingi lililoamua ni bei aliyopewa mwenye dhahabu, na kama aliyeishika mizani aliaminika.

Kilwa na Sofala

Tuanze pwani. Zama za kale dhahabu iliyotajirisha Waswahili haikuchimbwa Geita wala Chunya. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Masultani wa Kilwa waliishika Sofala, na biashara ile ikapita mikononi mwao. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye neema. Magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa yapo mpaka leo Kilwa Kisiwani, na aliyekwenda huko anajua kwamba majengo yale hayakujengwa kwa fedha ya samaki peke yake.

Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga. Waliiteka Kilwa, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala. Nia yao ilikuwa wazi: dhahabu yote iuzwe kwa mfalme wa Ureno, na mfanyabiashara mwingine asiiguse. Lakini wafanyabiashara wa Kiswahili hawakukaa kungoja. Walihamia Angoche, wakatafuta njia nyingine za mto Zambezi, na dhahabu ikawafuata. Wareno walibaki na ngome yenye mizinga na biashara ndogo kuliko waliyoitarajia. Kilwa wenyewe waliiacha mwaka 1512.

Tunaanza na habari hii kwa sababu mambo haya yamejirudia kwetu, kwa majina mengine, mpaka karne yetu.

Tembo wa Tabora

Wajerumani waliigundua dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1890. Mgodi wa kwanza kufanya kazi ya maana ulikuwa Sekenke, Iramba, katika mkoa ambao leo ni Singida. Ulianza mwaka 1909.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowazingira Wajerumani, meli zao zikashindwa kuleta fedha kutoka Ulaya. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa Kaisari, upande mwingine ina tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Leo sarafu hizo zinauzwa kwa bei kubwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Ukimwona tembo huyo popote, mwambie mwanao kwamba ilipigwa kwetu, na waliochimba dhahabu yake ni watu wetu, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye sarafu.

Amri ya Roosevelt na rashi ya Chunya

Baada ya vita Waingereza walishika Tanganyika. Dhahabu ya mito ya Lupa, Chunya, ilipatikana mwaka 1922. Chini ya sheria za kikoloni kuchimba na kununua dhahabu kulitaka leseni, na mtu kukutwa na dhahabu ghafi bila karatasi likawa kosa. Kwa Mwafrika wa kawaida mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa kibarua: kupiga sururu, kubeba mchanga na kuuosha, kwa ujira.

Hapa hadithi yetu inakutana na mji tunaoishi sasa, na wengi wetu hatukufundishwa jambo hili shuleni.

Tarehe 5 Aprili 1933, katikati ya dhiki kuu ya uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitoa amri kwamba watu walioko Marekani wasalimishe sarafu za dhahabu, vipande vya dhahabu na hati za dhahabu walizonazo. Siku ya mwisho ilikuwa 1 Mei. Kila mtu aliruhusiwa kubaki na sarafu zisizozidi dola 100. Dhahabu ya masonara, ya waganga wa meno na sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa, na pete na mikufu haikuguswa. Adhabu ya aliyekaidi ilikuwa faini mpaka dola 10,000, au kifungo mpaka miaka kumi, au vyote viwili.

Kwa hiyo mkulima wa Minnesota aliyekuwa ameficha sarafu kwenye kopo alitakiwa kuzipeleka benki, na benki izifikishe kwenye Benki ya Akiba ya Serikali ya eneo hili, iliyoko Minneapolis. Benki hiyo bado ipo, siku hizi iko Hennepin Avenue karibu na mto Mississippi. Wakati ule ilikuwa Marquette Avenue, katika jengo lililochorwa na Cass Gilbert, mchoraji yuleyule wa jengo la Bunge lenye farasi wa dhahabu.

Walilipwa dola 20.67 kwa kila wakia moja. Mwezi Januari 1934, miezi tisa tu baadaye, sheria mpya ikatangaza kwamba wakia hiyohiyo ni dola 35. Faida yote ikawa ya serikali. Aliyetii mapema hakurudishiwa kitu.

Watu walikwenda mahakamani, hasa wale waliokuwa na mikataba iliyoahidi malipo kwa dhahabu. Tarehe 18 Februari 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, na serikali ikabaki na ushindi. Mmoja wa wale wanne waliopinga alikuwa Jaji Pierce Butler, mzaliwa wa Dakota County hapa Minnesota, aliyekuwa wakili Saint Paul kabla ya kwenda Washington. Wamarekani walikaa zaidi ya miaka arobaini bila ruhusa ya kuweka vipande vya dhahabu kama akiba. Ruhusa ilirudi tarehe 31 Desemba 1974. Baadhi ya majirani zetu wazee wanaukumbuka wakati huo.

Tunawaeleza haya wanetu kwa sababu huku ugenini mara nyingi husikika kwamba serikali kushika dhahabu ya watu ni tabia ya nchi maskini za Afrika. Si kweli. Nchi tajiri kuliko zote ilifanya hivyo, na ilitishia jela.

Bei ile mpya ya dola 35 haikubaki Marekani. Uingereza nayo ilikuwa imeshaacha kufungamanisha paundi na dhahabu tangu 1931, na bei ya dhahabu kwa paundi ilikuwa inapanda. Kwa hiyo katika miaka hiyohiyo Lupa ilijaa watafutaji kutoka kila upande, na Geita ukaanzishwa mgodi uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki wakati ule. Kwa jirani zetu wa Kenya rashi ilikuwa Kakamega. Huko serikali ya kikoloni ilikuwa imeahidi kwa sheria ya mwaka 1930 kwamba ardhi ya wenyeji italindwa. Dhahabu ilipoonekana, sheria ikabadilishwa mwishoni mwa 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila mwenyewe kufidiwa ardhi nyingine. Amri iliyosainiwa Washington na bei iliyopangwa London zilifika mpaka kwenye mashamba ya babu zetu, na hakuna aliyewauliza.

Uhuru, na bangili ndani ya godoro

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa, na mwaka huohuo mgodi wa Geita ukafungwa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Njia kuu za uchumi zikawa za umma, benki zikataifishwa, na mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Nia ilikuwa njema. Wazee wetu hawakutaka dhahabu itoke tena kama ilivyotoka Sekenke na Geita, mashimo yakabaki kwetu na faida ikaenda kwingine.

Shida ilikuja kwenye bei. Mchimbaji mdogo alitakiwa kuuza kwa serikali, kwa bei ya serikali, na bei hiyo ilihesabiwa kwa kiwango rasmi cha kubadilishia fedha. Chukua mwaka 1985. Gramu moja ya dhahabu duniani ilikuwa karibu dola 10. Dola moja kwa kiwango rasmi ilikuwa kama shilingi 17. Basi gramu ile kwa hesabu ya serikali ilikuwa shilingi 170 hivi. Lakini mtaani dola moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 100. Mtu aliyevuka mpaka na gramu ileile akauza kwa dola, akarudi na fedha hizo au na bidhaa zilizokuwa adimu, alipata zaidi ya shilingi 1,000. Tumwulize mtoto wetu wa miaka tisa: wewe ungeuza wapi?

Ndivyo dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilivyokwenda Nairobi na Bujumbura, na kutoka huko mbali zaidi. Waliobeba hawakuwa wote matajiri. Wengine walikuwa walimu na makondakta wa mabasi, na wengine mama wauza vitenge waliorudi na sabuni na dawa ya meno, vitu ambavyo havikuwa dukani. Mwaka 1983 ikaja operesheni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria yake maalumu. Walanguzi walikamatwa, na baadhi yao walistahili. Lakini hofu iliingia mpaka nyumba za watu wa kawaida. Usiku watu walitupa bidhaa mitoni na vichochoroni.

Wengi wetu tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka. Kwa mama zetu wa Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Unguja, dhahabu ilikuwa benki. Bangili mbili alizopewa siku ya ndoa, mkufu alioununua kwa fedha ya upatu, vipuli alivyorithi kwa mama yake. Mume akifariki, au mtoto akilazwa, bangili moja ilikwenda kwa sonara. Hakuna sheria iliyomkataza mama kuvaa bangili zake, lakini siku zile nani alikuwa na uhakika? Aliyesikia hodi usiku hakufungua kitabu cha sheria kwanza. Bangili zikaingia ndani ya godoro, chini ya jiwe la kusagia, au ndani ya debe la mchele. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye sasa anaishi Brooklyn Park, alitusimulia jinsi alivyoshonea vipuli ndani ya sketi ya shule ya binti yake, na binti akaenda shule muhula mzima bila kujua.

Benki Kuu inanunua

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilibadili njia. Badala ya kuwakimbiza wenye dhahabu, Benki Kuu ilianza kuinunua kupitia benki za biashara, kwa bei iliyokaribia ile ya mtaani, na muuzaji hakuhojiwa sana alikoipata. Dhahabu iliyokuwa ikipotea ikaanza kuonekana kwenye vitabu vya serikali. Wachimbaji walewale na mashimo yaleyale. Kilichobadilika ni bei.

Mpango ule haukudumu. Udhibiti wa fedha za kigeni ulipolegezwa, maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa na mlango mwingine wa kuuzia ukawa wazi. Lakini somo lilibaki, na ilichukua miaka mingi kulirudia.

Wakati huohuo Kenya walipata somo jingine, chungu zaidi. Kule serikali iliweka motisha: anayeuza bidhaa nje analipwa nyongeza ili alete fedha za kigeni. Kampuni iliyoitwa Goldenberg ilidai nyongeza hiyo, iliyofika asilimia 35, kwa dhahabu na almasi ilizosema imeziuza nje, ingawa Kenya haichimbi almasi na dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Mabilioni ya shilingi za umma yalitoka. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilichunguza kuanzia 2003 na kutoa ripoti yake 2006. Ndugu zetu Wakenya wa hapa Twin Cities hawahitaji kusimuliwa jinsi shilingi yao ilivyoanguka na bei ya unga ilivyopanda katika miaka ile. Huko mhalifu hakuwa mtu aliyevuka mpaka usiku na gramu tatu mfukoni. Wizi ulipita mezani, kwa mihuri na sahihi.

Migodi mikubwa, makinikia na masoko

Tanzania ilitunga Sheria ya Madini mwaka 1998 ili kuvutia kampuni za nje. Migodi mikubwa ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine: Nzega 1998, Geita upya mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002, Buzwagi 2009. Nchi ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dhahabu Afrika. Lakini mrabaha ulikuwa asilimia 3, kisha 4 kwa sheria ya mwaka 2010, na wananchi waliona magari ya kampuni yakipita huku zahanati yao haina dawa. Wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa katika maeneo waliyoyachimba, na machungu ya Bulyanhulu ya mwaka 1996 hayajasahaulika Kahama.

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na madini mengine uliokuwa ukipelekwa kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yalikuwa bandarini Dar es Salaam. Kamati za Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro zikatoa ripoti zake, na mwezi Julai Bunge likapitisha sheria mpya: mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mvutano uliishia kwenye mapatano na Barrick na kuundwa kwa kampuni ya ubia ya Twiga. Sisi wenyewe hapa tulibishana sana wakati ule. Wapo waliosema mali yetu imerudi, na wapo waliosema wawekezaji watatukimbia. Mabishano hayo hayajaisha, na hatutayamaliza kwenye ukurasa huu.

Kwa mtu wa kawaida, lililokuwa kubwa zaidi lilikuja baadaye na halikupigiwa kelele nyingi. Januari 2019 wachimbaji wadogo waliitwa Dar es Salaam kukutana na Rais. Wakasema wazi: tukiuza kihalali, kodi zinatumaliza, na soko la kuaminika halipo, kwa hiyo tunauza kwa mabroka, na mabroka wanajua njia zao. Mwezi uliofuata Bunge likaondoa kwa wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tarehe 17 Machi 2019 soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani. Ndani ya soko wanakaa mnunuzi, muuzaji, mizani na maofisa wa serikali chini ya paa moja. Bei ya dunia inaonekana, dhahabu inapimwa mbele ya macho ya aliyeileta, mrabaha unakatwa palepale, naye anaondoka na fedha yake na karatasi yake. Mapato ya serikali kutoka kwa wachimbaji wadogo yakapanda sana. Magendo hayakwisha, lakini mtu aliyetaka kuwa mkweli alipata mahali pa kuwa mkweli bila kuumia.

Na mwaka 2024 tulipata hatua nyingine. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, wenye leseni za kuchimba na kufanya biashara ya dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa nchini, na mnunuzi mkubwa ni Benki Kuu, ambayo ilianza tena kununua dhahabu mwaka 2023 ili kuongeza akiba ya taifa. Viwanda vya kusafisha vipo Mwanza, Geita na Dodoma. Safari hii amri imekuja pamoja na kivutio: anayeiuzia Benki Kuu anatozwa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6.

Je, itafanikiwa? Tukiangalia nyuma, tunajua mambo ya kuyatazama. Kama Benki Kuu italipa bei ya dunia, na italipa upesi, dhahabu itakuja. Kama malipo yatachelewa, au shilingi rasmi itaachana sana na shilingi ya mtaani, njia za zamani za mpakani bado zipo na wanaozijua bado wapo.

Yanayotuhusu sisi wa huku

Pengine utasema, mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaofyeka theluji Minnesota? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, wapo matapeli. Karibu kila mwaka mmoja wetu hupigiwa simu au kutumiwa picha na mtu anayedai ana kilo kadhaa za dhahabu Mwanza au Lubumbashi, anaiuza kwa nusu ya bei kwa sababu ana haraka, na anahitaji dola elfu chache tu za "kibali". Mwenzetu mmoja alipoteza akiba ya miaka minne ya zamu za usiku. Ukishaijua historia hii, utajua kwa nini habari hiyo haiwezi kuwa ya kweli. Soko liko Geita, bei iko ukutani, na mwenye dhahabu halali hana sababu ya kumwuzia mgeni wa Minnesota kwa nusu. Asiye na dhahabu halali anakutafutia jela au anakutafutia hasara. Ukitoka Tanzania na dhahabu ghafi au kipande kilichosafishwa, kibali cha kusafirisha nje ni lazima, na ukifika hapa uwanja wa ndege uitaje kwa watu wa forodha.

Pili, hawa wanetu watarudi siku moja, wengine kuwekeza, wengine kufanya kazi serikalini, wengine kutembea tu. Watasikia watu wakisema kwamba dawa ya magendo ni adhabu kali zaidi. Watasikia na wengine wakisema kwamba serikali isishike chochote, kila mtu achukue chake. Tungependa wakumbuke Sofala na ngome yake iliyobaki na biashara ndogo. Wamkumbuke mkulima wa Minnesota aliyelipwa dola 20.67 kwa kitu cha dola 35, na makaratasi ya Goldenberg. Wakumbuke pia Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa na waliochimba hawakuachiwa kitu. Serikali ina haki ya kushika mali ya wote, na tuliutafuta Uhuru kwa sababu hiyo. Lakini mwananchi anayeombwa alete dhahabu yake ana haki ya kulipwa thamani yake kamili, na ya kuona mizani.

Sasa tunaweza kumjibu mtoto wetu. Bibi hakuchukua dhahabu ya kwake kwa sababu dhahabu ile ni yake pamoja na ya watu wote wa Tanzania, na haikuwa rahisi kuigawa kwa haki. Zile bangili chache alizozipata kwa jasho lake alizificha, kwa sababu wakati ule hakuwa na hakika kama angeachiwa. Ukienda likizo, mwombe akuonyeshe. Siku hizi anazivaa.